Sauti ya Kupokelea Simu

London, 19 Septemba 1976

Shangazi mpendwa,

Habari za huko Cradley? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua? Na Mzee Horace wa ng'ambo ya ukuta, njiwa wake bado wanakuchafulia nguo kambani? Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma kwa ngazi za nyumba hii. Bi. Prewett, mama mwenye nyumba, amenipa chumba cha juu kabisa, na kila nikishuka anatoa kichwa mlangoni kuona nimevaa nini. Mvua imerudi. Kiangazi kizima tumepanga foleni ya maji na ndoo mkononi, na sasa watu wa London wanalalamika kwamba wanalowa. Hawaridhiki hawa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nilikwambia nimepata kazi stesheni. Sikukwambia kazi gani, maana najua ungeutangazia mtaa mzima kabla sijathibitishwa. Ni mimi ninayetangaza treni, Shangazi. Nakaa kwenye chumba cha vioo juu ya majukwaa, mbele ya kipaza sauti, nasema treni fulani inaondoka jukwaa fulani, na umati mzima unageuka. Siku ya kwanza nilidhani moyo utanitokea mdomoni. Naipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Niko kwenye majaribio mpaka mwezi wa Machi. Wiki iliyopita mkuu wangu, Bwana Lathbury, aliniita. Abiria mmoja ameandika kuuliza kama tumemweka mchekeshaji kwenye kipaza sauti. Bwana Lathbury si mtu mbaya. Alifunga mlango kwanza, kisha akasema taratibu: "Bi. Tromans, una sauti nzuri sana. Ila ukifungua mdomo, watu wanasikia wewe umetoka wapi kabla hawajasikia treni inakwenda wapi." Machi nitasoma matangazo mbele ya watu watatu. Nikisoma kama wanavyotaka, kazi ni yangu. Nikisoma kama ninavyosema, kwaheri. Amenitafutia mwalimu, Bi. Ormsby, kila Jumanne jioni.

Wenzangu nao usiseme. Nikiomba sukari tu, wanairudia sentensi yangu wote kwa pamoja, wanaiburuta kama tunavyoburuta sisi, wanaipandisha mwishoni, halafu wanaangua kicheko. Wala hawafanyi kwa chuki. Ingekuwa chuki ningejua la kuwajibu.

Niambie nirudi nyumbani, nami nitarudi kesho.

Wako akupendaye,
Glenda


Cradley Heath, 3 Oktoba 1976

Glenda mwanangu,

Usirudi.

Haya, sasa salamu. Mgongo ni uleule, njiwa ni walewale. Mzee Horace alinyoa ndevu, tukakiona kidevu chake, tukamsihi azifuge tena. Kanisani wamepata mpiga kinanda mpya, anapiga kama anafukuzwa na mbwa, tunamaliza wimbo tukitweta.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilishona gauni la kijivu, nikapanda treni mpaka Birmingham kuomba kazi kwenye duka moja kubwa, kaunta ya glavu. Mama msimamizi alinitazama mikono, akanitazama uso, akatabasamu. Kisha nikamwamkia. Tabasamu likafa palepale. Akasema, "Binti, kama ungeweza kuuza bila kusema, ningekuchukua leo hii." Nikarudi nyumbani, nikaingia kibandani uani, nikafua minyororo ya chuma kwa nyundo mpaka mikono ikawa kama unavyoijua. Siionei haya minyororo. Imeshikilia meli za watu. Lakini glavu zile nilizitaka, Glenda. Nilizitaka sana.

Kwa hiyo ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nenda kwa huyo Bi. Ormsby, mkenulie meno, ujifunze. Sauti ni kama koti la kanisani: unalivaa kwenye shughuli, ukirudi nyumbani unalitundika. Mzee Horace, nilipomsomea barua yako, alisema mkataa kwao ni mtumwa. Nimemwambia alee njiwa wake, mimi niachie wangu. Tangu marehemu kaka yangu aniachie wewe, mtoto wa miaka sita na soksi moja, sikukulea ili uje urithi nyundo yangu.

Jipya la hapa ni hili: nimewekewa simu! Iko ukumbini, kando ya mlango. Simu haipokewi kwa mdomo wa jikoni, basi nami, kama wenzangu wote mtaani, nina sauti yangu ya kupokelea simu. Ungeisikia! Mzee Horace anasema ni mke wa askofu aliyebanwa na viatu. Anayepiga zaidi ni mwanamke mmoja wa baraza la mji. Wanataka kubomoa safu yetu ya nyumba watupandishe ghorofani. Kila akipiga namwambia kwa sauti hiyo kwamba Bi. Tromans hayupo. Tutaona nani atachoka kwanza.

Namba nimekuandikia nyuma ya bahasha. Ukipiga, piga Jumapili, na useme kwa sauti kubwa.

Shangazi yako,
Kezia


London, 14 Novemba 1976

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema ya afya. Mimi sijambo. Hali ya hewa ni ya baridi kiasi.

Ninafurahi kukuarifu kwamba masomo yanaendelea vizuri. Bi. Ormsby hunikalisha mbele ya kioo na kizibo cha chupa katikati ya meno, nikisoma magazeti kwa sauti. Anasema taya langu ni la kivivu, lakini linafundishika. Tangu mwanzo wa mwezi hakuna abiria aliyelalamika, na Bwana Lathbury ameniongezea zamu za asubuhi, ambazo ndizo zenye watu wengi. Wenzangu wameacha kunirudia. Siku hizi hawaniambii mengi.

Jumapili Bi. Prewett alikuwa na wageni, akanialika chai. Mmoja wao aliniuliza nimetoka wapi, na kabla sijajibu akakisia mwenyewe kwamba ni Kent. Sikumsahihisha.

Nitakuja Krismasi. Nitashuka Cradley jioni ya mkesha. Endapo nitabadilishiwa zamu nitakupigia simu, ingawa ofisini simu za binafsi zimekatazwa.

Wako akupendaye,
Glenda


Cradley Heath, 5 Desemba 1976

Glenda mwanangu,

Mgongo ni mzima leo, kwa hiyo nina nguvu za kukutania. Barua yako imenijia imevaa tai! "Hali ya hewa ni ya baridi kiasi." Nimeisoma mara mbili nikitafuta wewe umo wapi. Lakini ni vizuri. Ndivyo nilivyokwambia mwenyewe, sina la kusema. Kent nako kuzuri, wanasema kuna matufaha.

Dunia ina vituko. Wewe huko wanakulipa uache kikwetu, na mimi huku amekuja mama mmoja kutoka chuo kikuu, Bi. Stannard, anakitafuta na mashine. Ana kinasa sauti kikubwa kama sanduku la nguo. Anasema sisi wazee tukiondoka, maneno yetu yataondoka nasi, basi anapita nyumba kwa nyumba kuyanasa. Aliniuliza habari za kibanda na minyororo. Nilikuwa nimevaa lulu za mama. Nikakaa wima, nikamjibu kwa sauti ya kupokelea simu, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Akazima mashine. "Bi. Tromans," akasema, "nakuomba uongee kama unavyoongea na jirani yako."

Nikamwambia, "Hakika, bibie, hivi ndivyo niongeavyo na jirani yangu."

Na Mzee Horace amesimama mlangoni! Alicheka mpaka tukampiga mgongoni asije akatufia. Bi. Stannard akanywa chai yake, akaaga kinyonge. Mimi sikujuta. Kama sauti yangu itakaa kabatini chuo kikuu, basi ikae na nguo safi.

Nimeshaagiza kwa mchinjaji maini ya kutengenezea madonge yetu ya nyama, na njegere za kijivu nitaziloweka siku moja kabla, na nyama ya nguruwe yenye mafuta kama unavyoipenda. Nitakungoja stesheni mkesha. Mwambie huyo Bwana Lathbury wako asithubutu kukubadilishia zamu.

Shangazi yako,
Kezia


London, 2 Januari 1977

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, wewe na Mzee Horace. Mimi ni mzima. Krismasi niliila stesheni, mkate na jibini, kati ya treni na treni.

Nilikuwa nikingoja barua yako, na sijaipata. Kabla ya sikukuu Bwana Lathbury alinibadilishia zamu, nami nikakupigia kama nilivyoahidi. Alipokea mwanamke mmoja mwenye madaha. Nikamwomba niongee nawe, akasema hupo, akaniuliza nani anayekuulizia. Kabla sijajitaja, Bwana Lathbury akaingia ofisini. Unajua sheria ya simu. Nikajifanya ninaongea mambo ya kazi, nikamwomba tu akufikishie kwamba sitaweza kufika wiki hii, nikakata.

Je, alikufikishia? Na ni nani huyo? Kama umekipangisha chumba changu, nyumba ni yako, Shangazi, sina neno. Ningependa tu kuambiwa.

Glenda


Cradley Heath, 30 Januari 1977

Glenda,

Mzee Horace anakusalimu. Njiwa wake wawili wamekufa kwa baridi, na theluji imefunga mlango wa kibanda.

Barua yako niliipata mapema. Chumba chako hakina mtu. Kitanda kimetandikwa vilevile kama nilivyokitandika mkesha wa Krismasi.

Jioni ile nilisimama jukwaani mpaka treni ya mwisho. Mlinzi wa stesheni aliniambia, "Nenda zako, Kezia, hakuna nyingine." Sikuondoka mpaka Mzee Horace alipokuja na mwavuli. Njegere tulizila mimi na yeye.

Sasa nikwambie kuhusu simu. Siku chache kabla ya mkesha ililia, nikaenda, nikakohoa, nikaipokea. Mwanamke akasema, maneno yamenyooka kama shuka lililopigwa pasi: "Samahani, ningependa kuzungumza na Bi. Tromans." Nikajua ni yule wa baraza, aliyekuwa akitaka kuja kuikagua nyumba. Nikamjibu kama kawaida, kwa sauti ile ile, kwamba Bi. Tromans hayupo. Akasema nimfikishie kwamba hataweza kufika wiki hii. Nikaweka simu chini, nikacheza ukumbini. Nikamgongea Mzee Horace ukuta, nikamkatia keki. "Haji!" nikamwambia. "Yule mwanamke haji! Tumepona mpaka mwaka mpya!"

Hakuna niliyempangisha, Glenda. Wala hakuna mtu wa baraza aliyepiga siku ile.

Ulipokuwa mdogo, shule ikitoka, watoto wote wakipiga kelele nyuma ya ukuta, nilikuwa nikijua wewe ndiye unayelia kabla sijakuona. Sasa umeniomba mimi mwenyewe, jina langu, sikioni mwangu, nikakuambia sipo.

Simu imeharibika. Usijisumbue kupiga.

Kezia


London, 6 Februari 1977

Shangazi,

Pole na njiwa wa Mzee Horace. Kumbe ndiyo hivyo. Nilisoma barua yako ngazini, nikakaa palepale, Bi. Prewett akanikuta akadhani nimefiwa.

Nami sikukutambua. Usijibebeshe peke yako. Nilikusikia, nikasema moyoni, huyu mwanamke anajivuna nini? Nikamchukia. Nilimchukia wiki sita nzima, huku nikikusikitikia wewe uliyekaa na mtu kama yule.

Simu haijaharibika. Nimewauliza wenye simu, wanasema laini ni nzima. Mara mbili nimepiga, imelia mpaka imenyamaza.

Kuna jambo nakuambia wewe tu. Jana nilifunga mlango, nikakaa mbele ya kioo, nikajaribu kusema kikwetu. Nilikusalimu, nikakuuliza mgongo. Ilitoka kama wale wenzangu walivyokuwa wakiniigiza. Nikajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa nakuigiza wewe, Shangazi, kama mtu wa jukwaani anayetafuta kuchekwa. Nimeogopa sana. Hicho cha kwao bado nakivaa kwa kujibana, na hiki changu kimeondoka bila kuaga.

Mtihani ni tarehe kumi na sita Machi. Nafikiri nisiende. Nafikiri nirudi. Lakini nikirudi, nitabisha hodi kwa sauti gani?

Glenda


Cradley Heath, 6 Machi 1977

Glenda mwanangu,

Theluji imeyeyuka, mgongo umelegea, na Mzee Horace amepata njiwa wapya kwa shemeji yake wa Netherton. Nimekawia kukujibu. Barua nimeanza nyingi, zote zimeishia motoni.

Simu ni nzima. Ulijua. Ikilia nilikuwa nasimama jikoni nashika beseni, siendi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikosa mtu wa kumwangukia, maana kila nikimtafuta mwenye kosa najikuta mimi. Nani alikwambia uvae koti? Na nani alikuwa amevaa lake siku ile, akakufungia mlango?

Basi nikamwita tena Bi. Stannard. Safari hii sikuvaa lulu. Nilikuwa na aproni, mikono ina unga, nikamwambia weka mashine yako hapo mezani, sogeza hizo karoti. Nikamsimulia habari yote ya simu, kwa mdomo wa jikoni, na njegere, na mwavuli, na nilivyocheza ukumbini. Alicheka mpaka nilipofika kwenye keki. Kisha akaacha. Utepe ukaisha, hakuugeuza. Akaniuliza jina lako, nikamwambia. Aibu yangu sasa iko chuo kikuu, wataisikiliza wasomi mpaka wachoke, na wala sijali. Nimelala vizuri tangu siku hiyo.

Sasa sikiliza. Mtihani utaenda. Utasoma kwa sauti yao, herufi kwa herufi, na kazi utaichukua, maana unaipenda na unaiweza. Mtu asikunyime kitu ambacho mikono yako inakifaa. Lakini hilo la kwetu halikuondoka. Limejificha kwa sababu unakisemesha kioo, na kioo hakina cha kukujibu. Tangu lini watu wa Cradley wakaongea peke yao? Sisi tunahitaji mtu wa kumkatiza.

Kwa hiyo nakuja. Tarehe ishirini ni Jumapili ya Akina Mama, na miaka yote hii wewe ndiye uliyeniletea maua na keki. Mwaka huu keki naileta mimi. Nitafika Jumamosi mchana, niondoke Jumapili. Sijawahi kuvuka Birmingham, ila nimeambiwa reli inaendelea.

Shangazi yako,
Kezia


London, 16 Machi 1977

Shangazi mpendwa,

Haraka haraka, ili ikukute kabla hujatoka. Mzima, nimechoka. Nimefanya mtihani leo asubuhi. Watu watatu mezani, na Bwana Lathbury dirishani. Nilisoma kwa sauti yao, kama ulivyosema, na sikuteleza popote. Jibu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mpaka siku hiyo Bwana Lathbury amenionya niwe mwangalifu, kwa sababu wanasikiliza kila zamu.

Jumamosi nitakuwa kazini ukifika. Simama chini ya saa kubwa, usiondoke, nitashuka kukuchukua. Vaa viatu vya kutembelea.

Nina hofu ya kukuona, na sijawahi kutamani kitu hivi.

Glenda


Cradley Heath, 21 Machi 1977

Glenda mwanangu,

Nimefika salama, mgongo na vyote. Mzee Horace alinipokea, akataka kujua kama kweli London watu hawasalimiani. Nikamwambia Bi. Prewett alinisalimu vizuri sana, kwa sababu nilimwamkia kwa sauti ya simu na akadhani nina shamba.

Kuna jambo sikukwambia uso kwa uso. Jumamosi, niliposhuka, nilisimama chini ya saa kama ulivyonielekeza. Nilikuwa naogopa, watu wale wote, na juu yao ile sauti inasema Rugby, inasema Coventry. Nilijua ni wewe kwa sababu uliniambia ni wewe. Sikuitambua. Nilisimama pale na keki yangu kifuani nikasema, Kezia, umemtoa mtoto wako ukampata nani? Ulishuka ngazi, tukakumbatiana, tukaongea kama watu wawili waliokutana kwa daktari. Basi la kwenda kwako ulinielezea kana kwamba nitafanyiwa mtihani.

Kisha, tulipofika chumbani kwako, ukashika sufuria ya moto bila kitambaa. Mungu akusamehe maneno uliyotoa! Sijayasikia tangu marehemu baba yako aangukiwe na nyundo mguuni. Yote ya kikwetu, hata moja halikuwa la Kent. Nilikaa kwenye kitanda chako nikacheka mpaka nikalia, nawe mkono ndani ya ndoo ukinifokea, "Unacheka nini we Shangazi, nimeungua hapa!" Na tangu hapo hatukunyamaza mpaka usingizi ukatuchukua, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Sasa nikwambie la jana, maana wewe ulikuwa juu kwenye vioo vyako na hukuona. Nilipata nafasi kwenye behewa, mkabala na bwana mmoja wa koti la sufu na gazeti. Mkagua tiketi alipopita, bwana yule akamwuliza habari za chakula kwa sauti ya redioni, tamu, kila neno limechanwa nywele. Nikakaza mkoba wangu, nikajisemea, safari itakuwa ndefu.

Ndipo ukasema. Niliijua sauti yako kabla hujamaliza neno la kwanza. Hukusema "mabibi na mabwana". Ulisema: "Haya jamani, treni ya kwetu hiyo, jukwaa la sita! Rugby, Coventry, Birmingham, Wolverhampton. Fanyeni hima basi, haimsubiri mtu. Na wewe mama'angu, kaa dirishani upande usio na upepo, na keki iliyobaki usimpe Horace yote."

Maisha yako yote umeniita Shangazi, na ndivyo nilivyotaka, ili usimsahau aliyekuzaa. Sikujua kwamba nilikuwa nangoja hilo lingine. Nimelisikia kwenye vipaza sauti, mbele ya London nzima.

Bwana wa koti la sufu akashusha gazeti. Macho yamemtoka. "Mama we!" akasema. "Huyo si mtoto wa kwetu huyo?" Kikwetu kabisa, Glenda, kizito kama uji! Ni wa Tipton, hapo jirani yetu. Ana miaka mingi London, anafanya kazi benki, na anasema mkewe hajawahi kumsikia akiongea hivyo. Dirishani niliona wengine wawili watatu jukwaani wamesimama na mizigo yao, wameinua vichwa, wanacheka peke yao. Mmoja alikuwa askari. Mimi na yule bwana tulipiga soga mpaka Birmingham, na keki tukaimaliza, kwa hiyo Mzee Horace hakupata kitu.

Lakini tangu nishuke nina wasiwasi. Ulisema wanasikiliza kila zamu. Ulijua, na bado ukasema. Wamekufanya nini, mwanangu? Usinifiche. Kama wamekufukuza, mlango uko wazi na njegere zipo.

Kezia


London, 25 Machi 1977

Mama,

Nimeliandika, nimeliangalia, nimeliacha lilivyo. Nadhani marehemu aliyenizaa hatanuna.

Mkono umepona, umebaki alama ndogo. Bi. Prewett anauliza shamba lako lina ekari ngapi. Nimemwambia aulize siku utakayorudi.

Leo asubuhi Bwana Lathbury aliniita. Kwenye meza yake kulikuwa na barua mbili, sikujua za nini. Alisema wale watatu walinipitisha siku ileile ya mtihani, wote, bila ubishi. Kisha akavua miwani. "Lakini Jumapili, saa za mchana, kulikuwa na tangazo la treni ya Wolverhampton. Barua hii inalilaani. Hii nyingine ni ya askari mmoja, anauliza kama atalisikia tena akipita. Nataka kujua nani alilisema."

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, kwa sauti ya Bi. Ormsby, kila neno mahali pake. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Mimi, bwana. Nilikuwa namsindikiza mama'angu."

Ilitoka kikwetu, Mama. Sikuitafuta. Ilitoka nzito, imeburutwa, imepanda mwishoni, mbele ya mkuu wangu, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na haikuwa ya kuigiza hata kidogo. Niliisikia ofisini mle nikaijua kuwa ni yangu. Nikajua pia kwamba hata akinifukuza nitatoka nayo.

Kisha akavaa miwani, akatia sahihi karatasi yangu ya kazi, akanisogezea.

"Kesho uko zamu ya asubuhi," akasema. "Ya kwanza ni ya Wolverhampton. Isome upendavyo, ila iondoke kwa wakati."

Mwanao,
Glenda